Wanawake wa Msafara

Novemba 1871, bunduki zilipolia kutangaza kwamba msafara mgeni unaingia Ujiji, mtu aliyepata taabu kuliko wote alikuwa mpishi. Jina lake Halima. Bwana aliyemtumikia, David Livingstone, alikuwa amerejea kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wiki chache tu kabla ya hapo, amekonda na anaumwa, akakuta shehena aliyopelekewa kutoka pwani imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Ghala lilikuwa tupu. Sasa mzungu wa pili anakuja, amebakiza hatua chache, na nyumba haina cha kumkirimu.

Henry Morton Stanley, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni mwenyewe, alisimulia baadaye jinsi Halima alivyohaha siku ile. Alitoka jikoni akaingia kwa bwana wake, akatoka uani, akarudi jikoni, maswali hayamwishi. Alichungulia kuhakikisha kwamba kweli barazani wameketi wazungu wawili, kisha akaenda mbio kuwapa habari wanawake wenzake. Hakutaka mgeni aone ufukara wa nyumba. Majirani ndio waliomsitiri: Said bin Majid alileta mikate ya nyama ya moto, Mohammed bin Saleh akaleta kuku wa mchuzi wa bizari, Mwinyi Kheri akaleta nyama ya mbuzi na wali. Halima akafurahi kuona jambo alilolingoja siku nyingi, kwa kuwa mzee alikula, akaongeza. Kwa muda mrefu alikuwa akimpikia mtu asiye na hamu ya chakula.

Baraza lile limesimuliwa katika vitabu, magazeti na filamu. Jikoni hapakusimuliwa, ila kwa mistari michache ya kuchekesha wasomaji wa London na New York. Nami naona kwamba bila jiko lile hatuwezi kuzielewa zile safari zinazoitwa za uvumbuzi. Wazungu waliotoa majina kwa maporomoko na maziwa yetu hawakutembea peke yao, na hawakutembea na wanaume peke yao. Nyuma ya bendera, ngoma na bunduki walikuwamo wanawake waliopita njia zilezile, wakavuka mito ileile, wakaugua homa zilezile, na jioni wakaanza kazi wakati wengine wanapumzika.

Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha ikashuka Ujiji. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32, begani au kichwani. Alipofika kambini aliutua mzigo wake akanyoosha miguu. Mwanamke aliyefuatana naye alikuwa amebeba chungu, mkeka, kibuyu, pengine na mtoto mgongoni, na alipotua ndiyo kwanza kazi ilimwanza: kutafuta kuni na maji katika nchi asiyoijua, kutwanga mtama, kuwasha moto, kupika, na alfajiri kuamka kabla ngoma ya kiongozi haijalia. Msafara ulikwenda kwa chakula. Shujaa mwenye bunduki kumi hafiki popote akiwa na gunia la mtama usiotwangwa.

Wanawake hawa hawakuwa wa namna moja. Wengine walikuwa wake wa wapagazi, hasa wa Kinyamwezi, ambao kwao kwenda pwani na kurudi ilikuwa sehemu ya maisha ya ujana. Wengine walikuwa watumwa walionunuliwa ili wapike na walale na mabwana zao. Wengine walimkimbia bwana mkatili au ndoa mbaya, wakaona msafara unapita, wakajiunga nao. Wapo waliofanya biashara yao wenyewe, wakiuza pombe na vyakula kambini. Stephen Rockel, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya wapagazi wa njia hii, anawaona kama washirika wa biashara ile, watu waliokuwa na hesabu zao na matarajio yao. Nakubaliana naye, ingawa kwa wengi wao neno ushirika ni kubwa mno kwa hali waliyokuwamo.

Turudi kwa Halima, maana yeye anaijumlisha hali hiyo yote.

Stanley na Livingstone walikwenda pamoja Tabora, na Machi 1872 Stanley akaondoka kurudi pwani. Livingstone akabaki Kwihara, nje kidogo ya mji, katika tembe ambalo leo ni jumba la makumbusho, akingoja wapagazi ambao Stanley angemtumia. Alitaka kwenda kusini, kwenye ziwa Bangweulu, kuthibitisha kwamba huko ndiko kwenye chemchemi za mto Nile. Alikosea, kwa kuwa maji ya Bangweulu yanakwenda Kongo. Miezi ikapita. Nyumba iliyojaa watu wanaongoja haikosi ugomvi, na siku moja Halima aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akaondoka kwa hasira.

Livingstone aliliandika tukio hilo katika shajara yake. Alituma barua kumtafuta, lakini Halima alikuwa amekwisha kurudi mwenyewe. Alisimama nje. Alichotaka ni bwana mwenye nyumba atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia aingie na asigombane tena. Kisha akaandika sifa ambazo hakuwaandikia wengi: kwamba hajawahi kumkaripia hata mara moja tangu alipompata, kwamba ni mwerevu na mwangalifu, kwamba haibi wala hamruhusu mumewe, Amoda, kuiba. Akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi. Akaahidi kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Hapa ni lazima tutue kidogo. Livingstone alipendwa Uingereza kwa sababu aliulaani utumwa kwa nguvu kuliko msafiri yeyote wa zama zake, na maelezo yake ya mauaji ya sokoni Nyangwe, huko Manyema, Julai 1871, yalichangia kulifunga soko la watumwa la Unguja miaka miwili baadaye. Lakini mpishi wake mwenyewe alikuwa amempata kutoka kwa mfanyabiashara wa misafara, na mwaka 1872 bado uhuru wake ulikuwa ahadi. Siyaandiki haya ili kumshusha mzee yule. Nayaandika kwa sababu Halima, aliyesimama nje akingoja kuambiwa aingie, alikuwa anadai kitu. Alijua thamani yake katika nyumba ile, na alitaka isemwe mbele za watu. Mtu asiye na hati ya uhuru alipata kumtoa Livingstone ndani ya nyumba yake, naye akamwambia aingie.

Ntaoeka naye ana habari yake. Alitaka kufuatana na msafara. Livingstone hakupenda mwanamke mzuri asiye na mume awe kati ya wanaume wake, akamshauri aolewe na mmoja wa watatu: Chuma, Gardner au Mabruki. Ntaoeka akatabasamu tu. Livingstone mwenyewe alikiri kwamba bibi alikuwa na sababu, maana Chuma alikuwa mvivu na wale wengine wawili sura zao hazikuvutia. Chuma akaahidi kujirekebisha, akidai kwamba uvivu wake ulitokana na kukosa mke. Wanawake wengine wa nyumba nao walitaka Ntaoeka aolewe. Mwishowe akakubali. Tangu siku hiyo, anaandika Livingstone, alikuwa wa kwanza kuamka asubuhi za baridi, akawasha moto, akachemsha maji, akatwanga, akateka maji, akaleta kuni, akafagia, akapika, toka asubuhi hadi usiku.

Mimi nikisoma habari hiyo sioni mapenzi. Namwona mwanamke aliyetaka safari, akaambiwa bei yake, akailipa.

Wapagazi walifika Agosti, na tarehe 25 mwezi huo msafara ukaondoka Tabora. Walipita milima iliyo mashariki ya ziwa Tanganyika katika jua la kiangazi, wakazunguka ncha ya kusini, kisha mvua zikawakuta. Nchi iliyo kando ya Bangweulu wakati wa masika haina mpaka kati ya ziwa na ardhi. Watu walitembea katika maji yaliyofika kiunoni, mahali pengine kifuani, wakitumbukia katika nyayo za tembo zilizojificha chini ya majani. Livingstone, aliyekuwa akitokwa damu tumboni, alibebwa mabegani kwa zamu, na mwishowe akatengenezewa machela. Wanawake walikwenda kwa miguu yao. Jioni, nguo zikiwa bado mbichi mwilini, ilibidi wapate moto mahali ambapo hakuna kijiti kikavu.

Tarehe 1 Mei 1873, kabla ya mapambazuko, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Majwara, kijana aliyelala karibu na bwana wake, alimwamsha mtumishi mwenzake, Susi. Walimkuta Livingstone amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Uamuzi uliofuata unajulikana. Moyo ulizikwa chini ya mti, Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa msafara, akasoma sala, na mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani kwa siku 14. Aliyeupasua alikuwa Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari Unguja akaona jinsi maiti inavyofunguliwa. Wakaufunga kwa nguo, kwa gome la mti na kwa turubai, wakauanza mwendo wa kuurudisha pwani. Chuma na Susi waliongoza, na vitabu vyote vinawataja. Ni haki yao, na sitaki kuwapunguzia hata chembe. Lakini mwili ule haukubebwa na watu wanne wasiokula. Siku za mwanzo tu baada ya Chitambo karibu nusu ya watu waliugua, safari ikasimama kwa wiki kadhaa, na wanawake wawili wakafariki. Hao ni miongoni mwa waliolipia safari ile kwa uhai wao. Kaburi la moyo wa Livingstone lina mnara.

Waliuvuka mto Luapula, wakapigana katika kijiji kimoja waliponyimwa njia, wakafika Tabora Oktoba. Huko walimkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone akiwa hai. Cameron akawashauri wauzike mwili palepale, maana mbele kulikuwa na hatari na watu wa vijiji hawangekubali maiti ipite kwao. Wakakataa. Mbele ya Tabora ilibidi kweli watumie hila: walitengeneza furushi la mabua ya mtama, wakalifunga kama maiti, wakajifanya wanalirudisha kulizika, na mwili wenyewe wakaukunja na kuufunga kama jora la nguo ili upite bila kutambuliwa.

Ni katika sehemu hiyo ya njia ambapo Losi alikufa. Alikuwa msichana mdogo wa msafara. Alikuwa anakwenda njiani na mtungi wa maji kichwani, kama wasichana wote wa njia ile walivyokwenda kila siku, nyoka mkubwa akakatiza, akamgonga pajani, akaingia shimoni. Hazikupita hata dakika kumi. Horace Waller, mchungaji aliyehariri shajara za Livingstone kwa kuwahoji Chuma na Susi, aliliweka jina lake katika kitabu, na kwa hilo namshukuru. Nimelisoma mara nyingi kuliko majina ya magavana. Mtoto aliyeteka maji kwa ajili ya watu waliokuwa wakimrudisha mzee wa Kiskoti kwao akazikwe kwa heshima, yeye akazikwa porini.

Februari 1874 msafara uliingia Bagamoyo. Mwili ukapokewa na mapadri wa Roho Mtakatifu, ukavushwa Unguja, ukapelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Wainwright alikuwapo kwenye mazishi. Chuma na Susi wakaitwa Uingereza mwaka huohuo, wakakaa na Waller, wakamweleza kila kambi na kila kivuko. Wanawake hawakuitwa.

Hata hivyo Waller alijua. Alipofika kwenye ukurasa ule wa nyumba na bustani, aliongeza maneno machache yake mwenyewe: kwamba Halima alifuata maiti ya Daktari hadi Unguja, na kwamba inauma kuona kifo kimeiacha huduma yake ndefu bila malipo. Basi. Mwili wa aliyeahidi ulifika. Ahadi yake haikufika.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatuna neno la Halima mwenyewe. Jibu liko katika nani alikuwa na kalamu. Miaka hiyohiyo mwanamke mwingine wa Unguja alifanya safari kubwa kuliko zote za familia yake: Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka usiku mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akafika Aden, akaolewa na Mjerumani, akaishi Hamburg. Yeye alikuwa amejifunza kuandika kwa siri akiwa msichana, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin. Kwa sababu hiyo tunajua alivyoiona Ulaya, baridi yake na upweke wake. Halima aliuona mto Luapula, Ugogo na Bangweulu, na alivyoviona tunavijua kwa macho ya wengine.

Novemba 1874 Stanley aliondoka tena Bagamoyo, safari hii akiwa na watu 356, wakiwamo wanawake na watoto. Walifika Ziwa Victoria, kisha Tanganyika, wakaingia Manyema, na mwishoni mwa mwaka 1876 wakaachana na mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip na kuteremka mto Kongo kwa mitumbwi bila kujua unakotokea. Safari hiyo ilikuwa ya mauaji. Stanley alipigana na watu wa kando ya mto mara nyingi, na sioni sababu ya kuificha damu hiyo ili tuusifu ujasiri. Wanawake walikuwa ndani ya mitumbwi ileile mishale ilipomiminika.

Mmoja wao alikuwa Amina, mke wa Kacheche, mmoja wa watu wa Stanley. Mwaka 1877, katika sehemu ya maporomoko, aliugua vibaya. Stanley akaja kumwangalia akiwa amelala mtumbwini. Amina akamwambia kwamba hataiona tena bahari. Alikuwa ametamani mno kuziona nazi na maembe, akasema, na sasa anakufa katika nchi isiyo ya dini yake, hataiona Unguja. Akafa. Kati ya kurasa zote za safari ile ndefu, zilizojaa vipimo vya maji na hesabu za risasi, hayo ndiyo maneno yanayonishika. Mwanamke aliyekuwa ametembea kutoka pwani ya mashariki, akapita kando ya maziwa mawili, akateremka mto mkubwa kuliko yote ya Afrika, alijua hasa umbali aliokuwa nao kutoka nyumbani. Aliupima kwa minazi na miembe ya kwao.

Agosti 1877 waliobaki walikuwa karibu kufa kwa njaa. Stanley aliandika barua kwa wafanyabiashara wa Boma, karibu na mlango wa mto, kuomba chakula, akaeleza kwamba ana watu 115, wanaume, wanawake na watoto. Wazungu watatu alioondoka nao walikuwa wamekufa wote. Miongoni mwa waliofika walikuwapo akina mama wenye watoto wachanga. Hebu fikiria mimba iliyobebwa kandokando ya maporomoko yale, mitumbwi ikiburutwa juu ya mawe, na uchungu wa kuzaa kambini kusikokuwa na posho. Watoto hao walifika Atlantiki mgongoni. Kutoka huko meli ikawapeleka wote kusini, wakapumzika Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 26 Novemba 1877 meli ya jeshi la majini la Uingereza, Industry, ikatia nanga Unguja. Wanawake waliotoka Bagamoyo miaka mitatu kabla walikuwa wameivuka Afrika kutoka bahari hadi bahari kwa miguu na kwa makasia, kisha wakaizunguka nusu yake kwa meli.

Miaka 15 baadaye, huko London, Royal Geographical Society, chama cha kijiografia kilichogharamia baadhi ya safari hizi, kilibishana kama wanawake wanaweza kuwa wanachama. Mwaka 1892 hadi 1893 waliingizwa wanawake 22. Mmoja wao alikuwa May French Sheldon, Mmarekani tajiri aliyekwenda Kilimanjaro mwaka 1891 akiwa na machela yake na wapagazi wa pwani. Wanachama wengi wa kiume wakakasirika, mlango ukafungwa. George Curzon, ambaye baadaye alikuwa mtawala wa India, akaandika gazetini mwaka 1893 kwamba wanawake, kwa jinsia yao na kwa malezi yao, hawafai kwa kazi ya uvumbuzi.

Shajara za Livingstone zilikuwa zimechapishwa palepale London mwaka 1874. Halima alikuwamo, na nguo yake nzito, na ahadi yake. Ntaoeka alikuwamo, akiwasha moto asubuhi za baridi. Kitabu cha Stanley chenye maneno ya Amina kilitoka mwaka 1878, kikasomwa sana. Curzon mwenyewe alikuja kuwa rais wa chama hicho, akabadili mawazo, na mwaka 1913, miaka 40 baada ya Chitambo, wanawake wakaruhusiwa kuwa wanachama kamili.